Celestino Mondino na Nchi Aliyoisikia Redioni

Tunayemsindikiza leo, Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, ni Celestino Ambrosio Mondino, mtoto wa pili na wa mwisho wa Bautista Mondino, dereva wa treni, na Rosalía Ferrero, mshona nguo. Alizaliwa Ijumaa tarehe 19 Mei 1944, hapa hapa Laguna Paiva, jimbo la Santa Fe, Argentina, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya reli. Alipewa jina la mtakatifu wa siku hiyo kwa sababu baba yake alikuwa safarini na treni ya mizigo, na hakukuwa na mtu wa kubishana na kalenda. Dada yake Nélida, aliyemtangulia kwa miaka miwili, amekuja kutoka Comodoro Rivadavia na yuko hapa mbele yenu.

Marehemu alikuwa mtu wa kuuliza. Alipokuwa na miaka mitano alimuuliza baba yake kwa nini honi ya treni inabadilika sauti inapopita. Mzee Bautista akamwambia treni inasikitika kuondoka. Mtoto hakuridhika. Kesho yake alikutwa amesimama kando ya reli, mkono sikioni, akingoja treni ya saa nne, na mama yake akamrudisha nyumbani kwa kumvuta sikio lile lile. Hivyo ndivyo alivyokuwa mpaka mwisho: ukimpa jibu zuri alikushukuru, kisha akaenda kusikiliza mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi mjini hapa kuanzia mwaka 1951 hadi 1957, kisha akaingia shule ya ufundi ya karakana na kuhitimu ufundi mitambo mwezi Desemba 1961. Walimu wake walimsifu kwa hesabu na kumlaumu kwa kuchungulia dirishani. Lakini ukweli ni kwamba jambo kubwa alilojifunza utotoni hakujifunza darasani, na familia imeona si haki kumzika bila kulisema.

Mwaka 1953, Celestino akiwa na miaka tisa na Nélida kumi na mmoja, redio moja ya mjini Santa Fe ilianza kurusha mchezo kila siku saa kumi na moja jioni. Ulikuwa mchezo wa mwanamke aitwaye Adelma, anayesafiri kwa treni katika nchi ya Tresaguas, nchi isiyokuwepo kwenye ramani yoyote. Mumewe alikuwa amepelekwa kuwa stesheni masta wa kituo cha mwisho, na tangu aende hakuandika tena. Adelma alifunga mizigo akamfuata. Kila siku treni ilisogea kidogo: kituo, mto, daraja refu, mvua, abiria mwenye siri. Watoto hawa wawili walilala kifudifudi sakafuni, kila mmoja ameegemeza sikio upande wake wa redio, na mama yao alikanyaga cherehani polepole ili wasikie.

Siku ya sehemu ya mwisho, treni iliingia kwenye handaki refu chini ya mlima. Adelma akasema, "Naona taa." Umeme ukakatika mji mzima.

Siku zile michezo ya redio ilichezwa moja kwa moja na huu haukurekodiwa. Kesho yake kila jirani alikuwa na shangazi wa mji mwingine aliyesikia mwisho. Mmoja alisema Adelma alikuta kaburi. Mwingine alisema alikuta harusi. Fundi viatu aliapa kwamba hakukuwa na mume wala stesheni, mwanamke alikuwa anaota tu. Ndugu hawa walipita barabarani wakiwa wameziba masikio. Walikuwa wamekubaliana pale sakafuni, taa zikiwa zimezima, kwamba hawataki kuambiwa, wanataka kusikia. Na atakayejua wa kwanza atafunga mdomo mpaka siku watakayosikia wote wawili pamoja. Agano la watoto kwa kawaida halimalizi mwezi. Hili lilidumu miaka sabini na miwili.

Tarehe 5 Februari 1962 marehemu aliajiriwa katika karakana, sehemu ya vichwa vya treni, na alifanya kazi hapo hadi alipoachishwa pamoja na wenzake tarehe 12 Machi 1993, siku ambayo wengi wenu mliomo humu mnaikumbuka bila kukumbushwa. Baada ya hapo alitengeneza mashine za kufulia na pampu za maji. Hakuwahi kurudisha mashine bila kumwambia mwenye nyumba ilikuwa inalalamika nini. Lakini kazi yake ya pili, ile ya jioni, ilikuwa Tresaguas. Alianza kuijenga mwaka 1966 juu ya mbao mbili, kwa treni ndogo za mfano, akitaka kujua kama nchi ile ya redio ingeweza kusimama kweli. Alitaka kujua pia, akifuata reli kwa uaminifu kituo baada ya kituo, kama ingemwonyesha yenyewe inakoishia.

Wapenzi wa treni za mfano wa mji huu walikusanyika kwake kila tarehe ishirini na tisa ya mwezi, siku ya kula ñoki, vitonge vya viazi na unga, na katika meza ile kulikuwa na sheria moja tu. Mtu yeyote akipendekeza kitu, aliulizwa: "Umesikia wapi?" Kama hakikusemwa wala kusikika redioni, hakiingii Tresaguas. Ndiyo maana paa za stesheni zake ni mbao tupu, kwani hakuna aliyewahi kutaja rangi yake. Ndiyo maana Adelma mwenyewe, mwanasesere wa ukubwa wa kucha anayekaa behewa la pili, hana rangi mwilini isipokuwa glavu za kijani, zilizotajwa siku ya mvua.

Rafiki yake Heraldo Pons, ambaye hakuukosa mkusanyiko hata mmoja, alileta ng'ombe wa plastiki kila mwaka.

"Heraldo, hawa umewasikia wapi?"

"Bwana wee, kuna nchi gani isiyo na ng'ombe?"

"Tresaguas."

"Wanakula nini basi?"

"Haikusemwa."

Ng'ombe walirudi mfukoni, Heraldo akarudi kwenye sahani yake, na mwaka uliofuata akawaleta tena.

Marehemu alifunga ndoa na Ercilia Gaitán Jumamosi tarehe 22 Septemba 1973, katika parokia ya mji huu. Walijuana kwenye dansi. Ercilia alimuuliza anafanya nini baada ya kazi, naye akajibu kwamba anajenga nchi ila bado hajui mwisho wake. Ercilia alidhani ni mwanasiasa na karibu amwache hapo hapo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marisel na Rubén, waliokua wakijua kwamba chakula huliwa mezani na kazi za shule hufanyiwa sakafuni, kwa sababu meza nyingine zote zilikuwa nchi ya mtu.

Hapa lazima tuzungumzie ukuta. Mwaka 1981 marehemu alifika kwenye daraja refu. Alikumbuka vizuri kwamba redioni magurudumu yaligonga maungio ya reli mara thelathini na nane kabla treni haijafika ng'ambo. Alikuwa ameyahesabu kwa vidole vyake na vya Nélida. Baba yake alikuwa amemfundisha kwamba kila kipande cha reli ni mita kumi na mbili. Akapiga hesabu, akaipunguza kwa kipimo cha treni zake, daraja likatoka mita tano na robo. Chumba kilikuwa na mita nne.

"Lifupishe," Ercilia akasema.

"Nililisikia, mama. Siwezi kulifupisha."

"Basi chumba kirefushe!"

Alisema kwa hasira. Jumamosi ile akaenda kwa dada yake, na aliporudi akakuta vumbi, tundu la ukutani, na daraja limepita juu ya jiko lake. Hakusema na mumewe siku tatu. Siku ya nne alitundika vijiko vyake kwenye nguzo za daraja, na vipo hapo mpaka leo.

Ng'ambo ya daraja ulikuja mlima, na ndani ya mlima handaki. Hapo reli ilikoma. Kuanzia mwaka 1988 kila treni ya Tresaguas ilikwenda mpaka mdomo wa handaki, ikasimama, ikarudi kinyumenyume. Ng'ambo ya pili palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta stoo ya Ercilia yenye mitungi ya jamu ya pichi.

"Mzee, zua tu," alikuwa akimwambia. "Weka kituo, weka mume, mwanamke apumzike. Miaka yote hii yuko ndani ya treni na glavu zake."

"Siwezi kuzua."

"Kwani nani atajua?"

"Nélida."

Mwezi Agosti 2024 Marisel aligundua kwamba mtu mmoja wa mchezo ule bado yu hai. Hakuwa mwandishi wala mwigizaji. Alikuwa Delfina Urquía, binti aliyekuwa akitengeneza sauti za treni na milango, sasa bibi wa miaka tisini anayeishi Rosario. Marehemu hakulala vizuri wiki nzima. Akavaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya Rubén, akapanda basi na Ercilia, wakaenda.

Tunayajua yaliyosemwa kwa sababu Ercilia alikuwepo, na ameyasimulia mara nyingi huku akicheka na kujifuta macho. Marehemu alianza na daraja. Akamweleza bibi yale mapigo thelathini na nane, reli za mita kumi na mbili, na ukuta wa jikoni.

"Daraja gani, mwanangu?" Delfina akauliza. "Nilikuwa nagonga ubao wa kufulia kwa kofia ya kidole ya mshona nguo. Mara mbili tatu, nimemaliza. Siku ile mwigizaji wa dereva alipaliwa na keki. Mwongozaji akawa ananizungushia mkono: endelea, endelea! Nikagonga mpaka yule bwana alipopewa maji."

Ercilia alilazimika kutoka nje ya chumba. Aliporudi, mumewe alikuwa anahesabu tena kwa vidole.

"Na sehemu ya mwisho, Doña Delfina?" aliuliza hatimaye. "Ilikuwaje?"

"Maneno sijui. Nilikaa nyuma ya blanketi, natazama mkono wa mwongozaji. Sikuwa nasikiliza waigizaji, nasubiri zamu yangu. Lakini sauti zangu nazikumbuka." Akafumba macho, akaanza kuzitaja. Breki. Mlango wa behewa. Hatua juu ya kokoto. Mbwa kwa mbali. Maji yakimiminwa kutoka birikani. Halafu kiti kikivutwa. Halafu muziki.

"Kiti kimoja?" marehemu akauliza. "Au viwili?"

Wote watatu walielewa alichouliza. Kiti kimoja ni mwanamke aliyefika akaketi peke yake. Viwili ni watu wawili mezani.

"Ah," Delfina akasema. "Studioni nilikuwa na kiti kimoja tu. Walipotaka viwili nilikivuta kile kile mara mbili. Sasa siku ile nilivuta mara moja au mara mbili, mwanangu, hapo umenishika. Sikumbuki."

Ndani ya basi marehemu alichungulia dirishani mpaka karibu na Santo Tomé. Kisha akasema, "Daraja ni kikohozi."

"Utalibomoa?"

"Kwa nini? Nililisikia."

Alimpigia simu dada yake jioni ile ile. Nélida hakumwacha amalize. "Usiniambie, Tino! Hata neno moja. Jenga, nitakuja tusikie pamoja." Wakapanga mwezi Novemba wa mwaka uliofuata, baada ya Nélida kupona nyonga yake.

Mwezi Machi 2025 madaktari waligundua kwamba mapafu ya marehemu yalikuwa yamechoka na hayangepona. Aliipokea habari hiyo kwa maswali mengi, na daktari kijana aliyemtibu ametuambia kwamba hajawahi kumwazima mgonjwa kifaa chake cha kusikilizia kifua mara nyingi kiasi kile. Mwezi Aprili alimwomba Ercilia ahamishie mitungi ya jamu kwenye kabati la nguo, akatoboa handaki mpaka stoo, akafunga mlango, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira. Alifanya kazi robo saa, akapumzika saa nzima. Heraldo alimshikia tochi akiwa amefungwa macho kwa kitambaa cha jikoni, kwa hiyo tochi mara nyingi ilimulika dari. Mota ya mashine ya kufulia ilipotea bandani. Mwezi Julai kilipotea kiti kimoja cha jikoni.

Ercilia aliposikia kiti kinakwaruza ndani ya stoo, alielewa, na aliumia. Alimwambia Marisel, "Kiti kimoja tu, umeona? Mwanamke kasafiri maisha yake yote, na baba yako atamkalisha peke yake. Sababu hakusikia! Kwa sababu tu hakusikia!" Alimuuliza mumewe waziwazi zaidi ya mara moja. Marehemu alijibu kwamba Nélida anakuja Novemba. Tunasema haya kwa heshima, lakini katika miezi ile nyumba ilikuwa na wagonjwa wawili, mmoja wa mapafu na mmoja wa swali.

Hakufika Novemba. Celestino Mondino aliaga dunia Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa mbili na nusu asubuhi, kitandani kwake, Ercilia akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho la maana lilikuwa swali: aliuliza kama birika linachemka. Lilikuwa linachemka.

Ercilia alikataa ukumbi wa msiba. Tulimlaza nyumbani, chini ya daraja lake. Jana mchana Nélida aliwasili, na kwa desturi ya meza ile, mwenzao akifariki treni yake hufanya safari moja bila yeye, na aliyebaki hushika swichi. Heraldo alivaa kofia ya kazi. Hata mifuko yake aliikagua mwenyewe, asije akawa amebeba ng'ombe. Saa kumi na moja jioni, saa ya mchezo, akafungua umeme, na Adelma akaondoka na glavu zake za kijani.

Treni ilipita vituo vyote visivyo na rangi. Ikavuka daraja la kikohozi, juu ya jeneza, kati ya vijiko vya Ercilia, ikaingia handakini. Tulikimbilia mlango wa stoo, Rubén akiwa na ufunguo mkononi, tukitaka kuona kituo cha mwisho. Nélida akatuzuia kwa fimbo yake.

"Mnakwenda kuona nini?" alisema. "Ilikuwa redio."

Akaweka sikio ukutani. Ercilia akaweka lake upande wa pili, na sisi wengine tukajibana palipobaki nafasi.

Tulisikia breki. Tulisikia mlango mdogo ukifunguliwa, kisha hatua juu ya kokoto, moja moja, bila haraka. Mbwa akabweka kwa mbali. Sijui hata sasa alimtengeneza kwa kitu gani. Maji yakamiminwa kutoka juu, kwa muda mrefu. Kisha kiti kikavutwa, na mguu wake uliolegea ukalia.

"Kiti changu hicho!" Ercilia akasema, na watu wakacheka.

Baadaye hakuna aliyecheka, kwa sababu tulikuwa tunangoja. Mota iliendelea kunguruma ndani ya ukuta. Ercilia alifumba macho. Heraldo alinyoosha mgongo, akidhani imekwisha, na Nélida akamshika mkono wa shati bila kutoa sikio lake. Ndipo kiti kile kile, chenye mguu ule ule uliolegea, kikavutwa mara ya pili. Mota ikazima.

"Amempata," Nélida akasema, na akalia kwa sauti, mwanamke wa miaka themanini na mitatu, kwa ajili ya mdogo wake na kwa ajili ya Adelma.

Heraldo alijifuta pua. Miaka ile yote alikuwa amerudishiwa ng'ombe wake, na tumsamehe kwa kuuliza. "Lakini yule bibi wa Rosario hakukumbuka. Hiki cha pili, Celestino alikisikia wapi?"

Ercilia alikuwa bado ameweka kiganja ukutani.

"Hapa," akasema. "Jikoni kwangu. Kila asubuhi, miaka hamsini na miwili."

Treni haijatoka handakini, na hatukuifuata. Ufunguo tumemrudishia marehemu shingoni.

Ameacha mjane, Ercilia Gaitán, watoto wawili, Marisel na Rubén, wajukuu wanne, dada yake Nélida, mpwa wake Zulma, anayesoma maneno haya, rafiki yake Heraldo Pons na ng'ombe wake wote, na huko Rosario, Doña Delfina Urquía, tuliyempigia simu jana jioni tukamwambia ni mara mbili.

Apumzike kwa amani, Celestino wetu, na umeme usimkatikie tena.